Nta ya Masikio: Tuangalie Kwanza, Ndipo Tusafishe



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kuandikiwa andiko la kuomba fedha, lakini linagusa karibu kila nyumba: nta ya masikio, ile ambayo wengi wetu tunaiita uchafu wa masikio. Mtoto anaweza kukaa muhula mzima akiambiwa ni mzito wa kuelewa, na mzee anaweza kuacha kwenda jumuiya kwa sababu hafuati tena mazungumzo, kumbe kilichowazuia ni kitu ambacho mhudumu aliyefundishwa angekitoa kwa robo saa. Kwa upande mwingine, kitu hichohicho kikitolewa vibaya kinaweza kumwachia mtu tundu kwenye ngoma ya sikio na usaha usiokauka kwa miaka. Kwa hiyo kamati inayotaka kusaidia inapaswa kujua mambo yote mawili kabla ya kutenga hata shilingi moja.

NTA SI UCHAFU

Njia ya sikio la mtu mzima, kuanzia tundu la nje hadi kwenye ngoma, ina urefu wa sentimita 2.5 hivi, nayo imepinda kidogo. Sehemu ya nje ya njia hiyo ina vinyweleo na tezi ndogo zinazotoa majimaji ya mafuta. Majimaji hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa na vumbi, ndiyo nta yenyewe. Ina uchachu kidogo, na uchachu huo huwazuia bakteria na ukungu wasistawi. Hunasa vumbi na wadudu wadogo wasifike ndani, na huifanya ngozi isiloane kila mtu anapooga. Sikio lisilo na nta kabisa huwasha na kupata vidonda kwa urahisi.

Tena sikio hujisafisha lenyewe. Ngozi ya ndani ya sikio haikai mahali pamoja. Huota kuanzia kwenye ngoma ikisogea polepole kuelekea nje, kama mkeka unaovutwa, na hubeba nta juu yake. Taya zikitembea wakati wa kula na kuongea, kazi hiyo husaidiwa. Nta ikishafika nje huanguka yenyewe au hufutwa na kitambaa wakati wa kunawa uso. Wengi wetu hatuhitaji kufanya zaidi ya hapo maisha yetu yote.

Hapa Daa, kiangazi kinapokolea na vumbi jekundu la barabarani kutanda hadi kwenye mabati, mama anayeona nta ya kahawia kwenye sikio la mtoto hudhani ni vumbi limeingia, na huona aibu mbele ya wenzake. Hana sababu ya kuona aibu. Mwaka 2006 wanasayansi wa Japani walionyesha kwamba aina ya nta huamuliwa na jeni moja tu: watu wengi wa Asia ya Mashariki wana nta kavu ya kijivu, na sisi Waafrika, pamoja na Wazungu, wengi wetu tuna nta laini, ya kunata, yenye rangi ya asali au kahawia. Rangi hiyo ni ya kurithi. Haielezi chochote kuhusu usafi wa nyumba.

Niongeze neno moja kwa ajili ya majirani zetu Wamaasai na Wadatoga, kwa sababu wageni huuliza: ndewe iliyotobolewa na kupanuliwa haina uhusiano wowote na nta ya ndani. Mhudumu tu anapaswa kukumbuka kushika sehemu ya juu ya sikio anapochunguza, asivute ndewe.

KWA NINI HUZIBA

Wapo watu ambao nta huwazidi. Njia zao za masikio ni nyembamba sana au zimepinda zaidi, au wana vinyweleo vingi kama wazee wengi wa kiume. Kadiri umri unavyosonga, nta hukauka na kuwa ngumu. Wanaovaa vifaa vya kusaidia usikivu huzibwa mara kwa mara, maana kifaa kinaziba mlango ambao nta ingetokea. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2017 unakadiria kwamba nta iliyoziba hupatikana kwa mtoto 1 katika kila 10, mtu mzima 1 katika kila 20, na zaidi ya theluthi moja ya wazee na ya watu wenye ulemavu wa akili. Hawa wa mwisho mara nyingi hawawezi kusema kwamba hawasikii vizuri. Basi kamati ikipanga ziara za nyumbani, ianze na wao.

Lakini sababu nyingine tunaitengeneza wenyewe kwa kuchokonoa. Njiti ya kiberiti, kalamu, pini ya nywele, ufunguo, unyoya wa kuku uliozungushwa taratibu mpaka mtu afumbe macho kwa raha: hivyo vyote husukuma nta kutoka sehemu ya nje, ambako ingetoka yenyewe, na kuishindilia ndani karibu na ngoma, ambako haina njia ya kurudi. Mtu huona nta kidogo kwenye ncha ya kijiti akaridhika, asijue kwamba nyingine ameisogeza ndani. Vijiti vya pamba vya dukani havina tofauti. Vilibuniwa Marekani mwaka 1923 na Leo Gerstenzang kwa ajili ya kusafisha watoto wachanga, na leo pakiti nyingi zimeandikwa onyo la kutoviingiza ndani ya sikio. Onyo hilo ni la maandishi madogo, na liko kwa Kiingereza.

Ngoma ya sikio ni utando mwembamba sana. Mtoto akigongwa kiwiko na mwenzake wakati kijiti kimo sikioni, utando huo hutoboka, na nyuma yake kuna vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini. Vikitenguka, si zahanati ya kawaida itakayovirudisha.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, tunasoma kwamba Bwana alimtia kiziwi vidole masikioni. Wapo wanaotaja habari hiyo kwa utani wanapokatazwa kuchokonoa. Tunawajibu kwa utani vilevile kwamba kidole kile hakikuwa na njiti.

DALILI

Nta iliyoziba humfanya mtu asikie kama ameingiwa na maji: sauti ziko mbali, sikio limejaa, wakati mwingine linavuma au linawasha. Mara nyingi tatizo huanza ghafla baada ya kuoga, kwa sababu nta iliyoacha upenyo mdogo imevimba ikauziba. Wengine hupata kizunguzungu, na wachache hupata kikohozi kikavu kisichoeleweka. Kikohozi hicho kina maelezo: ngozi ya njia ya sikio ina tawi la mshipa wa fahamu uleule unaohudumia koo na mapafu, na tawi hilo likisumbuliwa, mwili hudhani kuna kitu kooni.

Maumivu makali, homa, usaha, damu au harufu mbaya si dalili za nta. Mwenye dalili hizo aende kwa tabibu, wala asiwekewe kitu chochote sikioni.

HATARI YA KUMWAGA MAJI KATIKA KILA SIKIO

Hapa tunaomba wanakamati wasome polepole, maana ndipo nia njema inapokosea njia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wanafunzi 802 wa shule za msingi wa mjini na vijijini Dar es Salaam ulikuta kwamba ugonjwa sugu wa sikio linalotoa usaha ulikuwapo kwa watoto kama 9 katika kila 100 wa vijijini, na kwa mtoto 1 hivi katika kila 100 wa mjini. Ugonjwa huo huenda pamoja na tundu kwenye ngoma. Maana yake kwetu sisi wa vijijini ni kwamba, ukiwapanga watoto mstari na kumwagia kila mmoja maji sikioni, huenda mstari huo una watoto ambao ngoma zao zimetoboka. Maji yatapita kwenye tundu, yatabeba vijidudu hadi sikio la kati, na mtoto aliyekuja na sikio kavu atarudi nyumbani na sikio linalochuruzika. Tena nta yenyewe inaweza kulificha tundu hilo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuuliza, na ya pili ni kuangalia. Maswali yaulizwe kwa lugha ya mgonjwa. Bibi wa Kiiraqw akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka kama "amewahi kutokwa na usaha", anaweza kuitikia tu kwa heshima. Aulizwe kwa Kiiraqw: je, sikio hili limewahi kutoa maji au usaha, hata utotoni? Limewahi kufanyiwa upasuaji? Ndilo sikio pekee analosikia nalo? Ana kisukari, au ugonjwa mwingine unaopunguza kinga ya mwili? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, sikio lisioshwe kwa maji pale kijijini. Mwenye kisukari, kwa mfano, akibaki na unyevu na mkwaruzo mdogo, anaweza kupata maambukizi yanayoingia hadi kwenye mfupa.

Kuangalia kunahitaji otoskopu, yaani kile kifaa cha mkononi chenye taa, kioo cha kukuzia na kikoni kidogo kinachoingia kwenye tundu la sikio. Tochi ya simu haitoshi, kwa sababu njia imepinda na mwanga hauifikii ngoma.

KULAINISHA NYUMBANI

Mtu ambaye sikio lake halijawahi kutoa usaha, haliumi, na hana tatizo lolote tulilolitaja, anaweza kulainisha nta mwenyewe. Atumie gliserini ya duka la dawa, mafuta safi ya zeituni, au maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa matumizi ya hospitali. Alale ubavu, adondoshewe matone 2 au 3 yaliyopashwa joto mkononi tu, abaki hivyo dakika 5 au 10, kisha ainuke na kufuta yanayotoka. Afanye hivyo mara 3 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Siku za kwanza anaweza kusikia vibaya zaidi kwa sababu nta inavimba. Aelezwe mapema asije akarudia njiti. Nta huendelea kutoka yenyewe kidogokidogo, hata kwa muda wa wiki mbili.

Watu hupenda kuuliza ni dawa ipi ya matone iliyo bora. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2018 haukupata ushahidi kwamba dawa moja ya matone inaishinda nyingine, wala kwamba zile za bei kubwa zinashinda maji ya kawaida au ya chumvi. Hivyo hakuna haja ya kuagiza chupa za gharama kutoka nje.

Mafuta ya taa, mkojo, maji ya betri na majani yaliyokamuliwa visiwekwe sikioni kabisa. Mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa kwa ajili ya wagonjwa nayo yaachwe kwa padre. Ya dukani yanatosha kwa kazi hii.

KUOSHA ZAHANATI

Nta isipotoka kwa matone, mhudumu aliyefundishwa anaweza kuiosha. Hutumia maji safi yenye joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Kipimo hiki si mapambo. Kiungo kinachotuwezesha kusimama wima kiko jirani na sikio la kati, na maji ya baridi au ya moto hukichafua mpaka mgonjwa atapike au aanguke kitini. Bomba kubwa la sindano, lililotolewa sindano na kuvishwa mpira au kanula laini, hutosha. Sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma ili njia inyooke. La mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma. Maji huelekezwa kwenye ukuta wa juu wa njia, kamwe si moja kwa moja kwenye ngoma, nayo husukumwa taratibu ili yapite nyuma ya nta na kuitoa. Mgonjwa akisema anaumia, kazi inasimama papo hapo. Baada ya kuosha, sikio huangaliwa tena na kukaushwa.

Hospitali zenye kitengo cha masikio hutumia darubini na mashine ndogo ya kunyonya, ambayo haihitaji maji. Huko ndiko wanakopaswa kwenda wenye ngoma zilizotoboka.

Kuna kingine kinachofanana na nta lakini siyo. Msimu wa kuvuna maharage, watoto hucheza nayo, na punje huishia sikioni. Punje ya haragwe, mahindi au mbaazi isimwagiwe maji, kwa sababu itavimba na kubana. Mdudu aliye hai huuawa kwanza kwa matone ya mafuta, kisha hutolewa na mhudumu. Betri ndogo ya duara ya saa au ya mwanasesere ni dharura: huunguza ngozi ndani ya saa chache. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili, na asiwekewe tone la kitu chochote.

KWA KAMATI NA WAHISANI

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilisema kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa watoto ungeweza kuzuiwa. Baada ya kusoma takwimu kama hizo, mara nyingi wazo la kwanza la kikundi cha marafiki ng'ambo ni kutuma katoni za vijiti vya pamba au vifaa vya usikivu vilivyotumika. Tunashukuru kwa moyo huo, ila vijiti tusingependa kuvipokea. Kifaa cha usikivu nacho hakifai bila kipimo cha masikio, kibano kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mvaaji, betri za mara kwa mara, na mtu wa karibu wa kuondoa nta, maana nta hukiziba kifaa chenyewe.

Kinachofaa ni kidogo na kinachosha kukisimulia: otoskopu moja imara kwa zahanati, balbu za akiba, betri za kuchaji, vikoni vya saizi mbalimbali na dawa ya kuvitakasa baada ya kila mgonjwa, mabomba ya sindano, na siku za mafunzo kwa wahudumu wawili badala ya mmoja, kwa sababu mmoja atahamishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo ya huduma ya msingi ya masikio mwaka 2023, nacho kinaweza kufuatwa hapa kwetu. Bajeti iwe pia na nauli za rufaa. Kutoka Karatu hadi idara ya masikio, pua na koo ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200, na mzee hasafiri peke yake.

Tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani, na parokia nyingi hupenda kuadhimisha siku za namna hii. Tunashauri isiwe siku ya kuosha masikio kwa wingi. Iwe siku ya kupima. Mpimaji anasimama nyuma ya mtoto kwa umbali wa mkono mmoja, anaziba sikio moja kwa kubonyeza na kusugua kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, kisha ananong'ona maneno matatu na mtoto anayarudia. Halafu sikio la pili. Maneno yawe ya lugha ambayo mtoto anaongea nyumbani. Mtoto wa darasa la kwanza anayejua Kiiraqw tu, akinong'onezwa kwa Kiswahili, atashindwa kwa sababu ya lugha, nasi tutamwandika kiziwi. Watakaoshindwa ndio waangaliwe kwa otoskopu.

Na wahisani wanapoomba taarifa, tunaomba wasiulize ni masikio mangapi yameoshwa. Swali hilo humsukuma mhudumu kuosha masikio yasiyohitaji. Taarifa nzuri itaonyesha masikio mangapi yameangaliwa, mangapi yalikuwa na nta yakaachwa kwa sababu hayakuziba kitu, mangapi yalilainishwa au kuoshwa, na watoto wangapi wenye usaha au tundu walipelekwa mbele na wakafika kweli. Safu ya nta iliyoachwa ikiwa ndefu, ni dalili kwamba mafunzo yameeleweka.

Kila aliyetolewa nta apimwe tena kwa kunong'ona siku hiyohiyo, na jibu liandikwe kwenye daftari kando ya jibu la kwanza. Ikiwa sikio ni safi na bado hasikii, basi nta haikuwa sababu, na jina lake liingie kwenye orodha ya rufaa kabla hajaondoka zahanati.